Bwana Afya na Shavu Langu la Kushoto

Ukimwamkia Bwana Afya usidhani anakusikiliza. Wewe wasema shikamoo, naye anajibu marahaba vizuri tu, lakini macho yake yameshaingia ndani, yamepita ulimi, yanapekua mashavu. Nimekaa naye jirani hapa Bongwe miaka mingi, ukuta wa ua wake na wangu ni mmoja, kuku wangu wanataga kwake na wake wanataga kwangu, na sikumbuki siku aliyonitazama usoni kama watu watazamanavyo. Alinitazama kinywani.

Alizaliwa wapi na babu yake nani, hayo waulize wanaoyajua. Jina lake pia silitaji, na sababu yake nitaisema nikifika mwisho, Mungu akinikumbusha. Bwana afya ilikuwa kazi yake ya serikali: kukagua vyoo, visima, mabucha na majiko ya hoteli. Alipostaafu, vyoo akawaachia wenziwe, yeye akashika vinywa. Nilimwuliza siku moja, bwana, umeona nini huko ndani. Akaniambia kwamba katika kazi yake yote hakuna mtu aliyekataa kumwonyesha choo, lakini vinywa watu wamevifunga mpaka jino liume, na wakati mwingine likishauma wakati umekwisha.

Vyombo vyake vilikuwa vitatu: tochi ya chuma, kijiko cha mti na daftari la shule. Kijiko alikiosha kwa maji ya moto mbele ya macho yako, ili usiwe na la kusema. Kisha alikupeleka kwa utaratibu ambao sasa naujua kama Alhamdu. Midomo kwanza, wa juu na wa chini. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Ufizi. Ulimi juu, ulimi pembeni, na mwisho, "Inua ulimi, niangalie uvunguni." Akimaliza alizima tochi na kusema maneno yale yale, kwa kila mtu, awe imamu au mgema: "Kidonda au doa likikaa kinywani Ijumaa mbili halijaondoka, Ijumaa ya tatu uswali Msambweni." Maana hospitali iko Msambweni. Wale wa kanisani aliwaambia wahesabu Jumapili.

Kuna harusi moja ya kijijini Waa ambayo wenyewe mpaka leo hawajamsamehe. Wazee tumekaa jamvini, sinia la uraibu wa kutafuna likaletwa kama ada, tambuu za majani mabichi, kokwa za popoo, chokaa, katu, na kibweta cha tumbaku pembeni. Likafika kwake. Badala ya kuchukua na kupitisha, Bwana Afya akalipakata sinia magotini, akatoa daftari. Kila mzee aliyenyoosha mkono akaulizwa, "Yako na tumbaku au bila tumbaku? Kwa siku mara ngapi? Upande gani?" Baba wa bibi harusi akadhani wakwe wamemleta karani wa kuandika nani kala zaidi ya mwenziwe. Pakawa na maneno. Watu wa kwa mume wakasema hawakumtuma, watu wa kwa mke wakasema kwao uraibu haupimwi. Katikati ya maneno hayo, nyanya wa bibi harusi akacheka, na alipocheka Bwana Afya akaona kitu. Akawasha tochi pale pale.

"Bibi, hebu fungua kidogo."

Bibi akafungua. Akageuzwa huku, akageuzwa kule. Tochi ilipozimwa akasema, "Mara ya mwisho mwanamume kunitazama hivi nilikuwa mwari, na huyo alitoa mahari."

Watu wakaangua kicheko, ugomvi ukaisha. Lakini yule bibi alipelekwa Msambweni baada ya Ijumaa zake mbili, akakatwa kijinyama, na mpaka leo yuko, ananitukana nikipita kwake bila kumwamkia.

Nilikuwa nasema nini? Naam, upande gani. Hilo ndilo lililokuwa swali lake kubwa. Sisi tulidhani kansa ya kinywa ni kama radi, inapiga popote. Yeye akasema la, ina watu wake na ina njia zake. Zaidi ni watu wazima, waliokwisha kuzaa na kuoza watoto. Bara huko, alisema, wanaume ndio wengi, kwa sababu ya sigara na pombe, na mtu anayevuta na kunywa pamoja amejiongezea hatari mara nyingi kuliko afanyaye moja. Lakini huku kwetu pwani wanawake nao wamo, kwa sababu ya tambuu, na tambuu haimwoni mtu aibu. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, nayo inachubua. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye ualbino auzaye samaki njia ya ufukweni. Huyo hakuvuta wala hakutafuna, lakini Bwana Afya alimwangalia mdomo wa chini kila mwezi, kwa ajili ya jua, na alimnunulia kofia ya ukili pana mpaka wateja wakawa hawamwoni.

Katika daftari hakuandika majina. Aliandika kazi ya mtu, kitu anachotia kinywani, na upande. "Mgema, sigara na mnazi, ulimi kulia." "Mwuza maandazi, tambuu, shavu kushoto." Nilimwuliza majina yako wapi. Akasema, "Jina la nini? Nikiandika jina, kesho mtu anitafuta na panga. Nikiandika kazi, kesho nawatafuta wenziwe."

Sasa nikueleze kitu kilichotushinda sote kukielewa. Mkewe alikuwa akiuza tambuu. Wallahi. Meza yake iko pale madukani, ndiyo tambuu bora ya kutoka hapa hadi Ukunda, na popoo zake zaletwa na Bwana Afya mwenyewe kwenye kerea ya baiskeli. Tumbaku hakubeba. Tumbaku mkewe alijiletea. Alipostaafu akaweka kiti chake pembeni ya meza ile, na kila mteja aliyekuja, kabla hajapewa tambuu, alifunguliwa kinywa na kumulikwa.

"Mume wangu, wanifukuzia watu," mkewe akasema siku moja nipo.

"Siwafukuzi. Nawaangalia."

"Waangalia nini, ng'ombe wa mnada?"

"Mimi nikitaka watafunaji, niende nikawatafute wapi? Msikitini?"

Na watu hawakukimbia. Wakazidi. Wengine walikuja kwa tochi wakaondoka na tambuu, wengine walikuja kwa tambuu wakaondoka na karatasi ya Msambweni. Nikamwambia, "Bwana Afya, mkeo anauza, wewe wakataza. Nyumba gani hii?"

Akasema, "Nyumba ya watu wawili."

Mkewe akadakia, "Mshahara wake ulisomesha mtoto mmoja. Tambuu imesomesha watatu. Mwulize kama anataka niuze tochi."

Basi sasa nije kwangu, maana najua unangoja. Mimi ni fundi wa makuti. Darasa nilifika la tatu, kisha nikapanda paa na sikushuka. Hoteli za Diani unazoziona na mapaa yale makubwa kama vichuguu, nyingi nimeziezeka mimi na wenzangu. Na juu ya makuti sigara haiwashwi. Mwenye hoteli akiona kiberiti mkononi mwako huko juu utashuka bila ngazi. Lakini jua ni kali, kazi ni ndefu, mtu ataka kitu cha kumliwaza. Kwa hiyo sisi mafundi wa makuti wote ni watu wa tambuu na tumbaku. Mikono miwili iko kazini, kamba za kufungia tumezibana kwa meno ya upande wa kulia, na tumbaku imelala upande wa kushoto. Tangu asubuhi hadi alasiri. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo ilivyo. Ukimwona mtu wa Diani shavu la kushoto limevimba kidogo na midomo inabana upande, usimwulize kazi.

Nilikuwa na mwenzangu wa paa. Yeye huku, mimi huko, tumekutana kwenye mgongo wa paa miaka na miaka. Akatokwa na kidonda shavuni. Akasema amechomwa na ukuti. Akatia chumvi, akatia mafuta ya karafuu, akasema jino, akang'oa jino lisilo na kosa. Mkewe akimwambia nenda kwa Bwana Afya, anasema nitakwenda tukimaliza paa hili. Tukimaliza hili, kuna lingine. Alipokwenda, kinywa kilikuwa hakifunguki tena, tochi haikupata pa kuingia. Hakumaliza mwaka.

Matangani Bwana Afya hakutoa tochi. Alikaa karibu nami, akangoja fatiha iishe, akaniuliza taratibu, "Alikuwa akiweka upande gani?"

Nikasema, "Kushoto."

"Na nyinyi wengine?"

Nikainama kutafuta viatu vyangu. Akaondoka.

Wiki ya pili yake tuko juu ya paa la hoteli moja, namwona Bwana Afya anapanda ngazi. Mzee yule, na viatu vyake vya serikali, kofia kichwani, tochi mfukoni. Amepiga hesabu yake vizuri: huku juu hakuna pa kukimbilia. Akaanza na fundi wa kwanza, akamfungua kinywa pale pale kwenye fito, akaenda wa pili. Mzungu mmoja chini akadhani ni mila ya kuezeka, akapiga picha na kupiga makofi. Mimi nikateleza upande wa pili wa paa, nikashukia kwenye mgahawa wao, nikaondoka na mguu mmoja wa kiatu.

Sababu ya kukimbia ni kwamba nilikuwa nalo. Doa jeupe, ndani ya shavu la kushoto, upana wa ukucha wa dole gumba. Haliumi. Nilikwisha kulikuta siku moja najitazama kwenye kioo cha pikipiki. Nikajiambia ni chokaa. Tambuu ina chokaa, chokaa ni nyeupe, imeganda shavuni kama inavyoganda ukutani. Nililisugua kwa kidole, halitoki. Nikalisugua kwa kumbi la nazi, nikatoa damu, doa lipo. Nikasema chokaa hii ni nzuri, mkewe Bwana Afya haibii watu.

Lakini sikutaka tochi ile. Nilimwona mwenzangu. Nilihisi kwamba ukimulikwa ndipo unapougua, na usipomulikwa uko salama. Usinicheke, na wewe una lako.

Kwa hiyo nilipokuwa nyumbani nilijitengenezea njia. Kwanza nilikuwa nafungua kinywa nusu, upande wa kulia tu, kama mlango wenye kitasa kibovu. Akalijua hilo. Kisha nikapata akili: nikamwambia nimefunga. Mtu aliyefunga utamtiaje kijiko kinywani? Akasema, "Hongera, Jumatatu na Alhamisi ni sunna." Akaanza kuja Jumanne. Nikasema nalipa kadha. Akaja Jumatano. Nikasema kadha ni nyingi, ujana ulikuwa na makosa. Yeye hakubishana. Aliniwekea kiti uani kwangu, akakaa na magazeti yake ya zamani mpaka magharibi, ili tufuturu pamoja. Sasa na mimi ningekula saa ngapi? Ikabidi nifunge kweli. Mwaka ule nilifunga kuliko imamu. Watu wakaanza kuniletea tende. Mke wangu akamwuliza mkewe Bwana Afya kama nimepata ndoto.

Na hapo ndipo nilipojinasa mwenyewe. Ramadhani ikaingia, na mimi kwa mazoea yale nikasema, hebu, mwezi huu niiache tambuu mchana na usiku, nione. Kama ni chokaa, mwezi mzima bila chokaa itabanduka. Kichwa kiliniuma wiki ya kwanza, niligombana na kila mtu, hata na kuku. Asubuhi ya Idi, kabla ya kwenda kuswali, nikaenda kwenye kioo cha pikipiki.

Lipo. Tena lilikuwa na mpaka mwekundu.

Nikavaa kanzu, nikaswali Idi, sikusikia hotuba hata neno moja. Nilipotoka nikaenda moja kwa moja uani kwa Bwana Afya. Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na alikuwa akiogopa kuyapasua, yeye aliyetupeleka sote hospitali. Alinijua kwa mwendo.

"Leo ni Idi," akasema. "Leo huna swaumu."

"Sina."

Akaomba maji na sabuni, akanawa mikono mara tatu. Tochi haikumfaa kitu tena. Akaingiza kidole. Midomo kwanza, kama kawaida. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Akasimama hapo.

"Hii si chokaa," akasema.

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Wewe je?"

"Mimi nilijua ulipoanza kufunga Jumanne."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, amekaa uani kwangu mwaka mzima anakula tende zangu. Akasema, "Niliwahi kuwashika watu kwa nguvu, wakaenda Msambweni siku moja wasirudi tena. Mtu aliyekuja mwenyewe hurudi."

Sikukuu ilipokwisha tukaenda Msambweni pamoja, mimi nikimshika mkono yeye. Kwenye benchi la kungojea, watu walitazama vipofu wawili, mmoja wa macho na mmoja wa akili. Alimwuliza kila aliyekaa karibu anafanya kazi gani. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya bara, adabu tele. "Shikamoo babu. Unavuta? Unakunywa? Unatafuna? Upande gani?" Nikacheka, nikamtazama Bwana Afya, naye amekaa wima kama mtu anayesikia mwanawe akisoma Kurani.

Wakakata kijinyama, nikangoja majibu. Siku zile za kungoja sitaki kuzisimulia. Bwana Afya alikuja kila jioni akakaa uani, na mkewe akaniletea uji, siyo tambuu. Majibu yalipokuja, binti akaniambia, "Babu, halijawa saratani. Lakini lilikuwa njiani." Wakalitoa lote, wakashona. Nikaambiwa tambuu basi, tumbaku basi, na nirudi kuangaliwa kila baada ya miezi michache. Nami narudi. Si nilikwenda mwenyewe?

Mara ya mwisho ninayotaka kukusimulia ni juzijuzi tu. Nilitoka kuangaliwa, nikapita kwake kumpa habari. Amekaa kwenye kiti kile kile, macho ndiyo hivyo, daftari magotini ingawa halisomi. Akanawa, akatia kidole, akapapasa kovu.

"Laini," akasema. Kisha akanipa daftari na kalamu. "Andika."

"Mimi? Darasa la tatu?"

"Kazi, kitu, upande. Kinywa hiki kilinisumbua kuliko Bongwe nzima, sitaki kife bila kuandikwa."

Nikaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto: FUNDI MAKUTI. TAMBUU NA TUMBAKU. SHAVU KUSHOTO. IMETOLEWA. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo likanijia jambo ambalo sijui kwa nini halikunijia miaka yote ile.

"Na wewe, Bwana Afya, nani alikuangalia?"

Akageuza uso upande wa kuku.

"Nakuuliza wewe. Kinywa chako nani kakitazama?"

"Mimi sitafuni," akasema, na sauti yake ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kadha za Jumanne.

Nikachukua tochi. Nikachemsha kijiko. Alijaribu kusema amefunga, nikamwambia nitaleta kiti. Akafungua, nusu, upande wa kulia. "Fungua vizuri, mzee," nikasema. Nikampeleka kama alivyotupeleka. Midomo, salama. Shavu la kulia, nikakuta kitu. Nikasogeza tochi, nikagusa kwa kijiko, kikasogea. Shavu la kushoto, kingine. Nikakitoa nikakitazama kwenye kiganja.

Ilikuwa kashata ya nazi. Na yeye ana sukari, mkewe amemkataza tamu zote, na nyumba nzima kashata zinafichwa juu ya kabati.

"Usimwambie," akasema, kinywa kingali wazi.

Nikamaliza kazi kwanza. Ufizi, ulimi juu, ulimi pembeni. Inua ulimi, niangalie uvunguni. Salama kote, alhamdulillahi. Nikamwambia anayo kazi ya kwenda Msambweni kwa ajili ya macho yale, na safari hii nitamshika mkono tena. Akasema tutaona. Nikasema Ijumaa mbili. Kisha nikafungua daftari, na kwa kuwa yeye hakuandika jina la mtu yeyote, nami sikuandika lake, wala hapa sikulitaja. Niliandika chini ya mstari wangu, na sikumsomea:

BWANA AFYA. KASHATA. PANDE ZOTE MBILI.